Petroli, Dizeli na Godoro la Bibi Harusi

Tangu turudi kutoka Nkome sijakaa na cherehani yangu kwa amani. Kila anayeleta kitambaa hapa barazani anaanza na swali. "Mama Rehema, ni kweli bibi harusi alifika na kitanda bila godoro?" Mwingine kasikia kwa Masanja kwamba pikapu ya mume wangu ilikufa maji. Mwingine kasikia kwa mume wangu kwamba pikapu ya Masanja haiwaki mpaka isukumwe na mtaa mzima. Wanaume hao wawili wanasimulia kama vile walikwenda safari mbili. Mimi nilikaa katikati yao njia nzima, basi someni ya kwangu, halafu mniache nishone.

Shinyanga hadi Isaka

Tulikuwa watu wanne na magari mawili. Zainabu, bibi harusi, ni binti wa marehemu mdogo wake mume wangu. Mume wangu Hamisi ndiye baba yake mkubwa na ndiye walii wake. Bila yeye kutamka, ndoa haifungwi. Wa tatu ni Masanja, mkulima wa pamba kutoka upande wa Mhunze, rafiki wa Hamisi tangu wote wawili hawajaota ndevu. Baba yake Hamisi alikuwa Mzaramo aliyekuja huku na kazi za reli, na Masanja ni Msukuma, kwa hiyo hao ni watani, na mtani haombi ruhusa kukutukana. Wa nne ni mimi.

Athumani, bwana harusi, anafanya biashara ya samaki Nkome. Ndoa ilipangwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Tuliondoka Jumatano asubuhi, maana mvua zilikuwa zimeshika na njia ya huko mnaijua.

Hamisi ana pikapu ya petroli. Masanja ana ya dizeli. Magari yenyewe yanalingana kwa ukubwa, yote ya kubeba mzigo mzito, lakini hao wawili wamebishana juu yake miaka na miaka, na kahawa nyingi imepoa kwa ajili hiyo. Hamisi husema petroli ni gari la mtu mwenye haraka zake: unawasha, unaondoka, na likiharibika kila fundi analijua. Masanja husema dizeli ni ng'ombe wa kulima: hana mbio, lakini anavuta kutwa na anakula kidogo.

Asubuhi ile ya kwanza Hamisi alishinda. Aligusa ufunguo mara moja tu na gari likanguruma. Masanja akakaa kwenye usukani akisubiri.

"Unangoja nini?" Hamisi akamuuliza.

"Inaota moto kwanza."

"Gari linaota moto kama bibi kizee?"

"Mtani, lako linawashwa kwa cheche kama jiko la mafuta. Langu halina cheche. Linabana hewa mpaka hewa yenyewe inachemka, ndipo linawaka. Sasa asubuhi ya baridi namna hii, hata wewe nikikubana hutachemka."

Alipowasha, likakohoa likazima. Akawasha tena, likatoa moshi mweusi ukaingia moja kwa moja kwenye nyumba ya jirani yangu aliyekuwa ametoka kuaga. Mwishowe tulisukuma. Shela la Zainabu lilikuwa limefungwa kwenye sanduku, namshukuru Mungu, lakini mikono yake yenye hina mpya ilisukuma dizeli kama mikono ya mtu mwingine yeyote.

Mzigo wote ulikuwa kwa Masanja: kitanda, godoro jipya la sufi nililolishona mwenyewe, magunia ya mchele, sufuria. Sisi watatu tulikuwa wepesi kwenye petroli. Pale Isaka tulikuwa tumeshakula matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga kwa mama mmoja pale stesheni, tumekunywa chai, na Hamisi ameanza kumwonea Masanja huruma kwa sauti kubwa, ndipo dizeli ikatokea taratibu barabarani, haijaongeza wala haijapunguza mwendo wake tangu Tinde.

"Mmekula?" Masanja akauliza.

"Tumekula, tumesahau," akajibu Hamisi.

Bondeni, kabla ya Kahama

Furaha hiyo haikufika Kahama. Kuna bonde la mbuga njiani, udongo mweusi, na mvua ya jana yake ilikuwa imeligeuza ziwa. Mkulima mmoja alikuwa amesimama upande wa pili na ng'ombe wake. Hamisi akampigia kelele kuuliza kama maji ni marefu. Yule akainua mkono akagusa paja lake.

"Ya paja tu," Hamisi akasema, akaingia.

Kumbe yule bwana alikuwa mrefu kama mlingoti! Tulifika katikati, maji yakaingia mlangoni, injini ikapiga chafya mbili ikanyamaza. Zainabu akainua miguu juu ya kiti. Nikaanza kusoma dua ninazozijua na nyingine nikazitunga hapo hapo.

Masanja akaja nyuma yetu. Hakuongeza mwendo hata kidogo. Maji yalifika kwenye taa zake na ile dizeli ikaendelea kutembea ndani yake, du-du-du-du, kama bata aliyekwenda kwa jamaa zake. Alipotupita alishusha kioo.

"Mtani, cheche na maji havipatani. Hukufundishwa shuleni?"

Alivuka mpaka ng'ambo, akarudi kwa miguu na mnyororo, akatuvuta. Hamisi alifungua boneti akaanza kufuta waya na plagi moja moja, kichwa amekiinamisha. Nikampa kanga yangu kavu afutie. Yule mwenye ng'ombe alikuja kututazama, akatusalimu vizuri sana, "Mwadila!", akatupa mtindi kwenye kibuyu. Hamisi akamwambia, "Bwana, ulisema maji ya paja."

"Ndiyo," akajibu yule bwana kwa upole. "Paja langu."

Masanja alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Kahama hadi Kakola

Tulilala Kahama kwa ndugu zangu. Asubuhi tukaenda kituoni. Mnajua mambo ya mafuta yalivyo siku hizi: dizeli ilikuwapo kwa mgao, petroli ilikuwa imekwisha na hakuna aliyejua lini itakuja. Tulikuwa na dumu letu moja la akiba, na kule kwenye tope gari lilikuwa limelinywa karibu lote. Jamaa mmoja pale kituoni akatuambia twende tu, Kakola kwa wachimbaji kuna petroli, maana wanaitumia kwenye pampu za kuvuta maji mashimoni.

Kakola tulifika na tangi likilia ukavu. Sijapata kuona mahali kama pale: vibanda vya turubai, wanaume wekundu kwa vumbi toka unyweleni mpaka kucha, na kila mtu anazungumza habari za duara lake, yaani shimo lake, kama mtu anavyozungumza habari za mkewe. Hamisi alishuka na kofia yake safi na kijimfuko chake cha ngozi, na papo hapo wakamzunguka watatu.

"Mzee, umekuja kuchukua mali?"

"Nimekuja kuchukua mafuta."

Wakatazamana, wakacheka. Waliamini ni mnunuzi wa dhahabu anayejificha. Mmoja akamvuta pembeni, akafungua kitambaa na kumwonyesha kijiwe. Hamisi akasema hataki jiwe, anataka mafuta. Yule akamsifu kwa mwenziwe, "Mzee huyu mjanja, anashusha bei kwa kujifanya hataki."

Tulipofanikiwa kueleweka, kijana mmoja akasema kaka yake ana pipa. Hamisi akauliza, "Ni yale ya pampu?" Kijana akajibu, "Ndiyo, ya pampu." Wakamimina. Hatukufika hata mwisho wa vibanda. Pikapu ikatoa moshi mweupe, ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ikazima.

Masanja alishuka, akanusa mdomo wa tangi, akafumba macho kwa raha kama mtu aliyesikia harufu ya pilau.

"Mtani," akasema, "leo umekuja kwetu."

Ilikuwa dizeli. Pampu ya yule kaka ilikuwa kubwa, ya dizeli. Hakuna aliyedanganya, aliulizwa kama ni ya pampu, akasema ndiyo.

Siku yetu ya Alhamisi iliishia hapo. Ilibidi kufungua tangi, kumwaga yote, kusafisha kabureta na plagi. Yale yaliyomwagwa Masanja aliyapokea kwenye dumu, akayachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye gari lake, na kila tone lililoingia alilisindikiza na neno la pole kwa Hamisi. Petroli yenyewe tulikuja kuipata jioni kwa mama aliyekuwa akipika wali na maharage, ambaye mumewe ana pampu ndogo. Haikuwa nyingi. Alisema inaweza kutufikisha Geita, na baada ya hapo tumwombe Mungu. Alitulaza kwenye banda lake sisi wanawake, na wanaume wakalala kwenye magari yao, kila mmoja kwenye lake.

Bukoli

Ijumaa asubuhi tulikuwa na mwendo mzuri. Hamisi alikuwa amenyoa, anaimba. Tulipokaribia Bukoli tukakuta mkokoteni wa ng'ombe umezama gurudumu moja pembeni ya barabara, na mama mtu mzima katikati ya njia amenyoosha mikono yote miwili. Hakuwa anapunga, alikuwa amezuia njia kabisa.

Ndani ya mkokoteni alilala binti yake, Limi. Uchungu ulimshika tangu jana yake. Mkunga wa kijijini alikuwa amesema mtoto ametanguliza miguu, wampeleke hospitali ya Geita, naye hawezi zaidi. Mume wa Limi alikuwa machimboni, hakuna aliyejua shimo gani. Nilimshika Limi mkono. Ulikuwa wa baridi, na aliponitazama alinitazama kama mtu aliye mbali.

Masanja naye akafika, akasimama. Wanaume wakaanza kushauriana kwa haraka, na kwa mara ya kwanza safari ile hakukuwa na utani. Masanja mwenyewe ndiye aliyesema.

"Langu lina mafuta ya kufika Nkome na kurudi. Lakini na mzigo huu, kwenye vilima vile, nitafika Geita jua limepinda. Mpeleke wewe, Hamisi. Hilo lako lina mbio."

"Atalala wapi?" Hamisi akauliza. "Nyuma ni bati tupu. Kwa barabara hii atavunjika."

Zainabu alikuwa ameshashuka. Sikumwona akipita. Nilimsikia tu akisema kutoka juu ya dizeli, amesimama katikati ya magunia, "Baba, shikeni upande huo. Nateremsha godoro."

"Zainabu!" nikasema. Mtanisamehe, nililishona mwenyewe lile.

"Mama mkubwa, ni godoro."

Tukalitandika kwenye bodi ya petroli, tukamlaza Limi, mimi na mama yake tukapanda huku na huku tumemshikilia. Zainabu akaingia kwa Masanja. Na Hamisi akaondoka.

Nimeishi na mume huyu miaka mingi na sijapata kumwona akiendesha vile. Vilima vya Geita alivipanda kama anashuka. Nilipopiga bati kwa kiganja mara moja alipunguza, nilipopiga mara mbili aliongeza. Mama yake Limi alikuwa akimpangusa binti yake uso tu kwa ncha ya kitenge, na kila mara akiniangalia aone kama nimekata tamaa. Nilikuwa nimekata, lakini sikumwonyesha. Nilimwambia, "Tunafika, mayu, mama yangu." Nilisema hivyo tangu Bukoli, na mwisho ikawa kweli.

Geita

Pikapu iliingia uwanja wa hospitali, ikasogea mpaka mlangoni, wauguzi wakatoka na machela. Hamisi alipotaka kuiondoa mlangoni haikuwaka tena. Tangi lilikuwa kavu.

Tulikaa kwenye benchi. Hamisi alikwenda mjini kutafuta petroli, akarudi mikono mitupu. Jua likaanza kupinda. Sikutaka kumkumbusha kuhusu alasiri, naye hakutaka nimkumbushe. Alikuwa amesimama karibu na gari lake, kiganja juu ya boneti.

"Nilimwahidi mdogo wangu," akasema. "Siku ile anakata roho, aliniambia nimuoze mtoto kwa mkono wangu mwenyewe."

"Umefanya lililokuwa mbele yako," nikamwambia.

"Najua. Na Nkome iko mbele yangu vilevile."

Ndipo tukasikia kilio cha mtoto kutoka ndani. Mama yake Limi, ambaye alikuwa hajaketi tangu tufike, akaketi chini pale pale kwenye saruji. Muuguzi akatoka kutuambia ni msichana, na mama yake yu hai, amechoka, anaomba maji. Mama yake Limi akanishika magoti. "Wabeja, wabeja sana," akanishukuru, na mimi nikalia, nikasahau Nkome na Ijumaa na kila kitu.

Hatujamaliza kufuta machozi, du-du-du-du, Masanja huyo anaingia na kitanda juu kimesimamisha miguu kama mbuzi aliyekufa. Alisikia habari, akavua kofia. Kisha akaitazama petroli iliyolala mlangoni, akamtazama Hamisi, na nikajua ameshika neno ulimini. Hakulisema.

"Panda, mtani. Kuna nafasi juu ya mchele."

Hamisi alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hatapanda dizeli maisha yake yote. Alipanda bila kutafuta pa kukanyaga.

Nkome

Mimi na Zainabu tulikaa mbele. Baada ya Nzera mvua ikatushukia, kisha ikaacha, kisha vumbi na tope vikapatana. Kila Masanja alipobadilisha gia kwenye mwinuko, moshi ulikwenda nyuma kumsalimia Hamisi. Lakini gari halikusimama. Tope lile lingeilaza petroli pale mpaka Jumapili, dizeli ililipita kwa mwendo wake ule ule wa kwenda shamba.

Tulipoingia Nkome watu walikuwa wameshasali, wameketi kwenye mikeka, wanatazama njia. Dagaa walikuwa wameanikwa kila mahali, hata gari halikuwa na pa kusimama. Akina mama wakatupokea kwa vigelegele, wakaanza kushusha mzigo. Shangazi yake Athumani akakizunguka kitanda mara mbili.

"Kitanda kimefika. Godoro liko wapi?"

"Liko hospitali," Masanja akajibu.

Vigelegele vikakatika. "Hospitali? Nani mgonjwa? Bibi harusi ni mgonjwa?" Habari ikakimbia mpaka kwa wanaume, na kabla sijafungua kinywa Athumani mwenyewe alikuja mbio, kanzu ameishika mkononi, rangi imemtoka. Alipomwona Zainabu amesimama mzima, mikono michafu, anacheka, aliiachia kanzu ishuke, naye akacheka. Hapo nilijua tumempa mtu mwema.

Sheikh akauliza walii yuko wapi. Hamisi akashuka kutoka kwenye mchele. Jamani! Alikuwa mweusi kwa masizi juu na mwekundu kwa tope chini. Walimkimbiza ziwani akaoga, wakamvika kanzu ya mvuvi mmoja mfupi, ikamfika magotini. Hakuna aliyecheka. Alikaa mbele ya sheikh, akamshika Athumani mkono. Alipofika pa kutaja "binti wa" na jina la mdogo wake, sauti ikakata. Watu wakangoja. Masanja, ambaye si Mwislamu, alikuwa amesimama nje ya mkeka kofia mkononi, naye anangoja. Hamisi akaanza upya, akalitamka jina lile lote mpaka mwisho.

Usiku tulikula sato wa kukaanga na wali wetu wenyewe. Maharusi walilalia mikeka saba iliyopangwa moja juu ya nyingine, na asubuhi hakuna aliyelalamika.

Kurudi

Petroli tuliipata Nkome, kwa wavuvi, wanaoitia kwenye mashine za mitumbwi. Walitupa madumu mawili kuwa zawadi ya harusi. Hawakusema, nasi hatukuuliza, kwamba ilikwisha kuchanganywa na oili. Pikapu ya Hamisi iliwaka vizuri pale hospitali, ikaondoka Geita ikitoa moshi wa buluu mzito kuliko wa Masanja. Masanja alitufuata nyuma akipiga honi, akijiziba pua.

Lakini kabla ya kuondoka Geita tuliwachukua Limi, mtoto wake na bibi yake, tuwarudishe Bukoli. Godoro lilikuwa limeharibika. Nikasema libaki nao, nitashona jingine. Mtoto walikuwa wamempa jina la Kabula, kwa sababu mvua ilimpokea. Hamisi aliwafungulia mlango mwenyewe, akawakalisha mbele. Lile gari linakwenda laini, mnajua. Mtoto akalia. Tukafunga kioo, akalia. Tukafungua, akalia. Limi akamnyonyesha, akaacha ziwa akalia. Hatujafika mbali Hamisi akasimamisha gari, na bila kumtazama mtu akawahamishia kwa Masanja.

Dizeli ikaanza kutetemeka, du-du-du-du, vioo vinagonga, viti vinatikisika. Kabula akapiga mwayo. Akalala.

Alilala mpaka Bukoli. Masanja akasimama mbele ya nyumba yao, akazima. Mtoto akafungua macho na kinywa pamoja.

"Washa!" bibi yake akapiga kelele. "Washa, baba, washa!"

Masanja akawasha. Kabula akafumba macho. Basi tuliketi pale uani, wakatuletea ugali na mtindi na kuku, tukala, tukaongea, majirani wakaja wakatusalimu kwa kupaza sauti, na muda wote ule dizeli ilikuwa inanguruma mlangoni na mtoto kalala ndani yake kwenye mapaja ya mama yake. Masanja alipotaka kwenda kuizima, mafuta yasiishe bure, Hamisi alimshika shati.

"Mwache mtoto," akasema. "Kwani una haraka gani?"